Mfinyanzi Aliyekirudishia Kilima Jina Lake

Ukitaka chungu chake, kupatana bei hakukutosha. Ulikiinua, ukakigonga kwa kidole ukisikiliza kama kinalia, mkavutana kidogo, mkaelewana. Halafu yeye akakiwekea kiganja juu, kama mama anayemzuia mtoto asiondoke na mgeni, akakuuliza: "Kimetoka wapi hiki?" Ulipaswa kujibu, "Kimetoka Nalusya." Ukisema kimetoka sokoni, alicheka na kukupa nafasi ya pili. Ukisema kimetoka Msalaba, alikirudisha juu ya majani makavu, akaanza kuongea na mteja aliye nyuma yako, na wewe hukuwapo tena duniani.

Wageni walimwona kichaa. Mimi siku ya kwanza nilimwona mjeuri tu, nikaondoka mikono mitupu, nikapika maharage kwenye sufuria, yakaungua. Siku ya soko iliyofuata nikarudi, nikasema "Nalusya" kwa sauti iliyowafikia hadi wauza samaki wa Rukwa. Akanipa chungu, akanitilia na viazi ndani yake, nyongeza. Tangu hapo tukawa watu wa kujuana, na tulijuana mpaka nywele zake zikawa nyeupe na zangu zikaanza.

Mjini Sumbawanga tulimwita Mfinyanzi, na jina hilo lilimtosha. Sikuwahi kujua ni binti wa nani wala wa ukoo upi. Nilijua mambo mengine. Nilijua alitembea upesi kuliko punda, tenga la vyungu kichwani, na akifika hakuketi kwanza apumzike, alipanga vyungu kwanza. Nilijua kucha zake zilikuwa na udongo ambao hata Sikukuu ya Pasaka haukutoka. Nilijua alipenda sukari kwa namna ya aibu. Akija dukani kwetu alinunua chumvi, kiberiti, na sukari kidogo "kwa ajili ya wageni," halafu akasimama palepale mlangoni akailamba yote kutoka kwenye karatasi, macho ameyafumba.

"Wageni wameshiba?" nilimtania.

"Wanakushukuru sana," alijibu, akifuta midomo.

Watu husema mfinyanzi hulia gaeni, na kweli ndivyo ilivyo kwa mafundi wengi. Yeye hata gae hakulitaka. Nyumbani kwake alipikia sufuria ya kwetu dukani na kulia sahani ya bati yenye maua mekundu. Nilipomuuliza mbona anawauzia wenzake udongo na yeye anatumia bati, alisema vyungu vyake anavijua mno, akipikia anaona kasoro zao na chakula hakishuki. Hapo nikacheka hadi machozi. Lakini usingethubutu kumwambia mbele ya watu kwamba chungu chake kina kasoro. Mama mmoja wa Kizwite alithubutu, akakaa misimu miwili bila mtungi.

Kilima chenyewe kiko kando ya barabara iendayo Msanzi. Chini yake, upande wa machweo, kuna shimo la udongo mweusi unaonata, na wanawake wa pale wamechimba humo tangu enzi za bibi zao. Desturi yao ilikuwa moja: kabla ya kupiga jembe unakitaja kilima jina, kama unavyopiga hodi kwa mtu. Na chungu kikivunjika, vigae havikutupwa. Vilirudishwa kwa mfinyanzi, akavitwanga, akavichanganya na udongo mpya ili chungu kijacho kisipasuke motoni. Kwa hiyo kila chungu cha Nalusya kilikuwa na mzee ndani yake. Mimi nilikuwa nampelekea vigae vyangu nimevifunga kwenye kitambaa, naye aliwatambua wote. "Huyu nilimfinyanga mwaka wa mvua nyingi," alisema, akikigeuza kigae. "Umemvunjaje?"

Nalusya lilikuwa ndilo jina la kilima kile kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Wazee wengine walisema alikuwa mwanamke aliyewaficha watu kwenye mawe yake wakati wa vita vya Wangoni. Wengine walisema hapana, alikuwa mwanamke tu aliyelima pale ulezi na hakupenda kuingiliwa shamba. Halafu, nzige walipokuja wakaondoka, mapadri na waumini wakapandisha msalaba mkubwa wa mbao juu ya kilima kushukuru, na Mfinyanzi mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba maji ya kuchanganyia udongo wa kuusimamishia. Hakuna aliyeamrisha jina libadilike. Barabara ilipochongwa ikapita upande wa pili, watu wakahamisha nyumba zao wakaifuata, na kijiji kipya kikaitwa Msalaba kwa sababu ndicho kilichoonekana kutoka barabarani. Kisha kilima nacho kikaitwa Msalaba. Serikali ya Mwingereza ikaleta kibao cheupe, ikakiandika hivyohivyo. Watoto wakazaliwa wakakuta ni hivyo. Wazee waliojua jina la zamani wakazikwa mmoja mmoja, na Nalusya likabaki midomoni mwa wanawake wachache waliochimba udongo.

Naye hakujali, mwanzoni. Hilo watu wengi hawalijui. Kwa miaka kadhaa na yeye alisema Msalaba kama wengine wote.

Kilichombadilisha kilitokea dukani kwetu. Lori la kutoka Mbeya lilimshusha mwanamume mmoja mwenye koti zuri na sanduku la chuma, aliyetoka migodini huko Rodeshia. Alikuwa ameondoka kijana. Akauliza njia ya kwenda kwao, akataja jina la kijito ambacho hakuna kati yetu aliyepata kukisikia. Mume wangu ni mtu wa Ujiji, mimi nimekulia hapa mjini, wauza nguo walikuwa Waarabu, na karani wa soko alitoka Tukuyu. Kila mtu alitikisa kichwa. Yule mtu alizunguka soko zima akilitaja jina lile, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Mwishowe alikaa juu ya sanduku lake, akasema, "Basi wamekwisha," na lori liliporudi Mbeya akapanda. Siku chache baadaye akaja mwanamke kununua chumvi, na katika mazungumzo akakitaja kijito kilekile: ndipo alipozaliwa, sasa panaitwa Darajani. Alikuwa na kaka, alisema, alikwenda migodini.

Nilimsimulia Mfinyanzi habari hiyo kwa mdomo mwepesi, kama tunavyosimuliana habari za kusikitisha za watu wengine. Sukari ilikuwa mkononi mwake. Hakuilamba. Aliikunja karatasi polepole, akaiweka juu ya meza, akatoka.

Mwanawe wa pekee aliyekua alikuwa amechukuliwa na waandikishaji wa manamba kwenda kukata mkonge, kabla barabara haijachongwa, ndevu hazijamwota. Hakujua kusoma. Wengine waliorudi walisema wamemwona Tanga, wengine wakasema Kilosa, mwingine akasema anamdai shati. Barua ilipelekwa kwa maneno ya mwalimu wa shule, na ikapotelea huko inakopotelea mvua ya nchi za watu. Mfinyanzi alikuwa amejifunza kungoja, na ngoja yake ilikuwa na utulivu, kwa sababu aliamini jambo moja: siku mwanawe akitaka kurudi, atauliza Nalusya, ataonyeshwa. Siku ile, mbele ya meza yangu, aliona hakuna atakayemwonyesha.

Soko lililofuata ndipo alipoanza kuwauliza watu kimetoka wapi.

Mume wangu, ambaye lori lake lilipita barabara ile ya Msanzi, alijaribu kumtuliza. Walikuwa wanataniana sana wale wawili. Alimwita "mama mkwe" ingawa mama yangu alikuwa hai na anasikia. "Mama mkwe," alimwambia, "mtu mzima hapotei kwao. Na hata akipotea, kupotea njia ndiko kujua njia."

"Aliyesema hivyo alikuwa na kwao," alimjibu. "Wewe ukirudi Ujiji ukakuta Ujiji inaitwa Kitunguu, utashukia wapi?"

"Nitashuka panaponuka kitunguu."

Alicheka, yule mama. Alikuwa anacheka upesi hata katika uchungu. Kisha akamshika mume wangu mkono wa shati, akamwacha na alama ya udongo, akasema bila utani, "Baba, nisaidie. Utingo wako akifika pale aite Nalusya. Anatoa kelele bure kutwa nzima, neno moja halitamwongezea njaa."

Utingo alikubali, ila alikuwa anasahau. Alizoea Msalaba. Nami nikienda naye upande ule nilimkanyaga mguu.

Nikikumbuka miaka ile sasa, haiji kwa mpangilio. Inakuja kama asubuhi za huku juu, ukungu umelala mashambani, unaona kichwa cha mtu bila miguu, kisha ng'ombe, kisha hakuna kitu. Safari moja nililala kwake kwa sababu lori lilivunjika springi. Kulipokucha tulitoka nje na kilima hakikuwapo. Palikuwa na weupe mtupu, na sauti ya mtu mahali fulani akiwaita mbuzi. Mfinyanzi alikaa kizingitini na bonge la udongo mapajani, akilizungusha, akiliinua, akilipapasa kwa gunzi la mhindi, na chungu kikawa kinakua mikononi mwake huku nyuma yake dunia haijarudi.

"Kimekwenda kutembea," alisema, akimaanisha kilima.

"Kitarudi lini?"

"Kikiitwa."

Nilidhani ananichezea. Lakini aliinua uso akakiita kwa jina, si kwa sauti kubwa, kama unavyomwita jirani uliyesikia hatua zake. Aliendelea na kazi. Baada ya muda ukungu ulichanika kidogo, jiwe moja jeusi likachungulia, kisha mgongo mzima. Akili yangu ilijua ni jua limepanda. Moyo wangu haukujua hivyo, na mpaka leo haujakubali.

Alikuwa na ndoto moja iliyomrudia. Mwanawe anatembea katika barabara nyeupe, na kando ya barabara kuna vibao, kila hatua kibao, na vyote havina maandishi. Mtoto anakisoma kila kibao kwa makini, yeye asiyejua kusoma, anashukuru, anaendelea. "Hanioni," alinisimulia. "Mimi nimekaa chini ya kibao kimojawapo nauza vyungu. Ananipita. Namwita, sauti inatoka ndani ya chungu." Alisimulia ndoto hii akiwa anapanga bidhaa, kwa sauti ya kawaida ya kusema ulezi umepanda bei. Mimi ndiye niliyelazimika kuingia ndani nijifanye natafuta kitu.

Kanisani alikuwa wa mbele. Hakukosa misa, alifunga Kwaresima kwa ukali, na aliimba vibaya kwa nguvu zote. Kwa hiyo maneno yalipoanza kwamba anapigana na msalaba, yalimchoma. Padri alimwita, mzee mpole mwenye ndevu za njano kwa kiko, akamuuliza kama anataka watu warudi kuabudu mizimu ya kilima.

Alinisimulia alivyomjibu, na nadhani aliipamba kidogo: "Nilimwambia, Baba, wewe ulinibatiza. Ulinipa jina la mtakatifu, nikalipokea. Lakini mama yangu alipokuwa anakufa aliniita kwa lile la kwanza, nami nikaitika. Ungetaka nisiitike?"

"Akasemaje?"

"Akawasha kiko."

Padri hakumsumbua tena. Hakumsaidia pia. Mfinyanzi akaona afadhali aende kwenye baraza, siku Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya wa Kiingereza, atakapokuja kusikiliza mambo ya kodi na matuta. Alivaa kitenge kipya. Alisimama mbele ya wanaume wote, akaomba kibao kibadilishwe. Jumbe alikuwa wa kwanza kumpinga, tena kwa heshima. "Mama yetu, kila mtu ana mtoto aliyekwenda mbali. Tukibadili vibao kwa ajili ya kila mtoto, barabara itakuwa msitu." Watu walicheka. Mkalimani alimfikishia Bwana Shauri, na Bwana Shauri akafungua ramani yake juu ya meza, akaonyesha kwa kidole: Msalaba imekwisha chapwa, ramani imekwenda Dar es Salaam na ng'ambo. Hakuwa mkali. Alimtazama hata kwa huruma, akamuuliza mwanawe amepotea tangu lini, akatikisa kichwa kama daktari.

Alirudi dukani akiwa hana hasira, na hiyo ilinitisha. Alikaa sakafuni penye baridi. "Ng'ambo," alisema. "Kilima kimefika ng'ambo kabla ya mwanangu kufika hapa."

Basi akabaki na vyungu. Na vyungu vilifanya kazi kupita alivyotarajia, halafu vikamsaliti. Kwa sababu ya swali lake, wanawake wa mjini walilizoea neno. Lilikuwa tamu kulitamka. Wake wa makarani walianza kuambiana, "Niazime ile nalusya yako," wakimaanisha chungu. Waswahili wa mtaani kwetu wakasema wali wa nazi hauwi wali bila nalusya. Siku moja mama mmoja kijana, mwenye bangili hadi kwenye kiwiko, alikuja sokoni akasema, "Mama, nipe nalusya mbili, moja ya maji na moja ya mboga."

Mfinyanzi alimtazama. "Nalusya iko wapi?" alimuuliza.

Yule binti akaashiria vyungu. "Si hizi?"

Sijapata kumwona mtu akishindwa hivyo mbele ya ushindi wake. Aliviinua vyungu kimoja kimoja akavirudisha tengani. "Mmelila," alisema. "Nimewapa jina la kilima mkalitia mboga." Akajitwisha, akaondoka, na siku za soko zikapita bila yeye. Msimu wa baridi ukaja na upepo wake wa kukata masikio, na mahali pake sokoni akakaa mwanamume mwenye mitego ya panya.

Mitungi yetu ilivunjika mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo kawaida ya mitungi. Nikamtumia salamu kwa mume wangu: Mama, watu wana kiu. Akarudisha jibu: anayetaka chungu aje kukichukua kinakotoka.

Waume walisema ni upuuzi. Lakini wanawake wa mjini walikuwa wamekaa ndani msimu mzima, na mume wangu anajua kuona biashara. Alitangaza kwamba lori litatoka asubuhi baada ya soko, nauli ni ndogo, na wenye watoto wawafunike. Tulijaa. Tulikuwa Waislamu na Wakristo, mke wa karani, mama wa Kizwite aliyesamehewa, na yule binti wa bangili. Tulipanda juu ya magunia tukiimba, upepo ukitupora kanga, mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa yamelala pande zote kama mikeka. Utingo alipokiona kilima hakuhitaji kukanyagwa. Aliita, "Nalusyaaa! Wa Nalusya washuke!" Na sisi sote tukaitikia kwa vigelegele.

Alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alitupeleka wote hadi shimoni, akatuonyesha udongo, akatuambia tukiwekee kiganja kilima, naam, tukiguse. Mawe yalikuwa ya moto kwa jua. Yule binti wa bangili aliweka shavu lake pale, akafumba macho, akasema, "Kumbe ndiyo wewe." Mfinyanzi alimpa chungu kizuri kuliko vyote siku ile, na sisi wengine tuliona wivu waziwazi.

Ikawa desturi. Kila mwisho wa mavuno lori lilijaa wanawake, na sehemu ile ya barabara ikawa na kituo, na kituo kikawa na mama muuza vitumbua na mzee muuza asali. Hakuna aliyesema "Msalaba" tena akiwa anashuka, isipokuwa aliyekwenda kusali, maana msalaba wenyewe ulikuwa bado juu pale na watu waliupenda. Mchwa walipokila kibao cha serikali, nyapara wa barabara alikuja na kingine kitupu na kopo la rangi, akawauliza waliokuwa kituoni, hapa panaitwaje? Walimjibu wote kwa pamoja. Akaandika alivyosikia. Sijui kama ramani ya ng'ambo iliambiwa.

Mfinyanzi alikwenda kukiona. Hakujua kusoma, kama mwanawe. Alikipapasa herufi moja moja na rangi ikamganda vidoleni. Nilidhani atafurahi, nami nilikuwa nimemletea sukari tufanye karamu. Alisema, "Sasa hana kisingizio," na sauti ilimkatika katikati ya neno.

Tangu hapo hakuwa tena na la kupigania, na ngoja yake ikawa nzito zaidi. Alizeeka. Mikono ilianza kutetemeka na vyungu vikawa na mawimbi shingoni, ambayo sisi tulisema ni urembo. Alipigana na majirani kwa sababu ya kuku. Alisahau bei. Alikuwa anaketi kituoni mchana kutwa akitazama wanaoshuka, na kwa kila mwanamume wa makamo alisimama nusu, kisha akaketi.

Mara ya mwisho nilipomwona akiwa na nguvu zake ni mwaka ambao habari za Uhuru zilikuwa zimejaa sokoni. Nilikuwa nimekwenda na mume wangu kuchukua ulezi. Ndani ya lori, tangu mjini, alikuwapo msichana mmoja mgeni, amejifunga kanga kwa namna ya watu wa pwani, anatetemeka kwa baridi yetu. Alikuwa amekuja kwa mabasi kutoka Korogwe. Nilimpa shuka langu. Nilipomuuliza anakwenda wapi alisema, "Nalusya," kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Hakujua neno jingine la Kifipa. Sikumwuliza zaidi. Nilimtazama paji la uso na masikio, nikageuka nikatazama barabara, maana nilianza kulia.

Tulishuka. Mfinyanzi alikuwa ameketi mahali pake karibu na muuza vitumbua. Alipoona ni mwanamke aliyeshuka na mimi, hakusimama hata ile nusu.

Msichana alikitazama kilima, kisha akatazama nyuma yake kama kuna kingine. "Ndicho hiki?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Baba alisema ni mlima mkubwa, unazuia mawingu yasipite."

Mfinyanzi alisikia. Kichwa chake kiliinuka taratibu. "Baba yako nani," alisema, "anayekisema hivyo?"

Msichana alimtaja. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, "Shikamoo, bibi." Mfinyanzi alikuwa amemshika kidevu kwa vidole vyake, anamgeuza uso kwenye mwanga, upande huu na upande ule.

"Alikuwa mdogo," alisema, bado amemshika. "Ukiwa mdogo kinazuia mawingu. Yuko wapi?"

Msichana aliinamisha macho. "Baba ametangulia mbele ya haki, bibi. Mvua za mwaka jana. Alitufundisha jina la hapa tangu tunajifunza kusema. Alisema mmoja wetu lazima afike, na akifika asianze kueleza habari za kifo. Alinipa maneno ya kusema."

"Yaseme."

Upepo ulikuwa umetulia, au hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Muuza vitumbua aliondoa karai motoni. Msichana alivuta pumzi, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mgeni tena.

"Mama," alisema, "nimerudi."

Machozi yalikuwa yanamshuka Mfinyanzi hadi shingoni, lakini alijinyoosha mgongo, akaweka uso wa ukali, akamjibu kama mtu anayemjibu mtoto aliyetumwa maji asubuhi na sasa jua linatua.

"Umechelewa," alisema. "Ingia ndani ule."